Mnyauko wa tikiti: kufukiza udongo siyo njia pekee

Wakulima wa Pawaga (Iringa) na bonde la Usangu (Mbeya) wanaujua mnyauko huu: matunda yamefika ukubwa wa ngumi, mchana tawi moja linalegea, jioni linainuka, baada ya siku chache limekauka. Pasua shina karibu na ardhi. Ukiona nyuzi za kahawia ndani, mshuku Fusarium, kuvu wa udongoni anayeziba mishipa ya maji.

Kuna madai mengi juu ya dawa yake, tuyapime moja moja. “Bila kufukiza udongo kwa kemikali, shamba limekwisha.” Methyl bromide, gesi iliyotegemewa sana kwa kazi hiyo, iliondolewa na Itifaki ya Montreal kwa kuharibu tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zilipewa muda hadi 2015. Tena kufukiza huua hata viumbe wadogo wanaoshindana na kuvu. Udongo mgonjwa ukirudi kwa jembe, kwato za ng’ombe au maji ya mfereji, kuvu huenea bila mpinzani.

“Kubebesha ni kwa parachichi.” Kubebesha ni kuunga chipukizi la mmea mmoja juu ya shina la mwingine. Hapa ndipo penye tumaini kubwa, na Rungwe na Njombe, kunakolimwa parachichi, mikono iliyozoea kisu ipo tayari. Shina mama, yaani mmea wa chini wenye mizizi, ni mmumunye, ule wa vibuyu, au boga chotara: Fusarium wa tikiti hawezi kuiangusha mizizi yake. Tanguliza mbegu za tikiti siku chache, kwa kuwa hukua taratibu, ili mashina yalingane unene. Mmumunye ukianza kutoa jani la kwanza la kweli, ukate mshazari kwa wembe safi, ukiondoa jani-mbegu moja (kati ya mawili yanayotangulia kutoka kwenye mbegu) pamoja na kichipukizi chote. Kikibaki hata kidogo, mmumunye utachipua na kumeza tikiti. Kata tikiti mshazari uleule chini ya majani-mbegu, bana kwa klipu, funika kwa nailoni yenye unyevu: giza siku 2, kisha mwanga kidogo kidogo hadi siku ya 7 hivi. Joto linalofaa ni nyuzi 25 hadi 28. Usiku wa Juni Mbeya mjini kidonda hakifungi bila kupasha joto.

Kosa linaloua kazi yote hutokea shambani: kufukia kiungo, pale mashina mawili yalipoungana. Shina la tikiti likigusa udongo huotesha mizizi yake, na ugonjwa hupitia humo. Mmumunye pia hushambuliwa na minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi, kwa hiyo udongo nao utunzwe.

“Nailoni nyeusi ndiyo hupika udongo.” Kupika udongo ni kuua vimelea kwa joto la jua chini ya nailoni. Inayopika ni angavu, maana hupitisha jua hadi ardhini. Mwagilia hadi sentimita 30, tandaza igusane na udongo, fukia kingo, acha wiki 4 hadi 6. Septemba na Oktoba kabla ya mvua ndio wakati wake. Msimu wa baridi ni kupoteza nailoni. Joto linaloua huishia sentimita 15 hadi 20 za juu, basi usilime kwa kina baadaye ukapandisha vimelea.

Njia nyingine ni pumba, na Usangu kuna mashine za mpunga kila upande. Changanya na udongo pumba laini kilo 1 hadi 2 kwa mita mraba, lowanisha udongo mpaka ushibe, funika kwa nailoni wiki 3. Vijidudu hula pumba, hewa inaisha, kuvu hudhoofika. Harufu ya matope yaliyovunda ni dalili nzuri. Usitumie maganda magumu, hayaozi upesi.

“Pumzisha shamba misimu miwili.” Mbegu za kuvu huyu huishi udongoni zaidi ya miaka 10. Mpunga wa majaruba, uliofurikishwa msimu mzima, humpunguza zaidi kuliko mahindi.

“Puliza dawa ya ukungu.” Adui yuko ndani ya mishipa, dawa ya majani haimfikii. Ng’oa mche na mizizi yake, uchome.

“Mbolea ni mbolea.” SA (amonia salfeti) huongeza uchachu, na Fusarium hupenda udongo mchachu. Pima pH (kipimo cha uchachu), weka chokaa ifike 6.5 hadi 7, kuzia kwa CAN, mbolea ya nitrojeni yenye kalsiamu. Sugar Baby, aina ya tikiti, ni dhaifu kwa ugonjwa huu: dukani uliza mbegu yenye ukinzani, na usome pakiti inakinza aina ipi ya Fusarium, kwa kuwa inayohimili aina ya 1 huweza kuangushwa na ya 2.