Ukiuza hisa leo, pesa si za leo

Tangu hisa za Safaricom ziuzwe kwa umma mwaka 2008, shilingi 5 kila moja, kuna neno halijatoka kwenye baraza za Amu: ukiuza hisa na pesa zisionekane siku hiyo hiyo, basi dalali anazizungusha.

Sivyo. Katika Soko la Hisa la Nairobi, malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo. Ukiuza Jumatatu, hesabu Alhamisi. Ukiuza Alhamisi, ni Jumanne, kwa kuwa Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Idd-ul-Fitr pia haihesabiwi. Maulidi ndiyo inayowachanganya watu wa Lamu: mji umejaa wageni, lakini si sikukuu ya taifa, kwa hiyo Nairobi wako kazini.

Katika siku hizo hisa huhamishwa kwenye daftari la CDSC, shirika linalotunza kumbukumbu za nani anamiliki hisa zipi, kutoka kwako hadi kwa mnunuzi, nazo pesa hupita benki kuja upande wako.

Marekani ni siku moja ya kazi, tangu 28 Mei 2024. Lakini vijana wanaonunua hisa za huko kwa simu wajihadhari: katika akaunti ya fedha taslimu, yaani isiyo na mkopo wa dalali, ukinunua hisa usizozilipia, ukaziuza ili ulipie kwa mauzo hayo hayo, akaunti yaweza kubanwa siku 90.

Siku ya tatu ikipita kimya, hapo mdai dalali maelezo. Asipojibu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji hupokea malalamiko.