Pembetatu za pinki juu ya New York

Anayetaka kuonyesha jinsi watu walivyopoteza nyumba kwa deni la rehani asianze na picha ya mlango uliopigiliwa mbao. Picha hiyo ni ya balaa la mtu mmoja, na mtazamaji huondoka akiamini kuwa mwenye nyumba alikopa vibaya. Mwaka 2009 msanii na mbunifu Damon Rich alipita njia nyingine, na kwangu mimi hakuna kazi ya sanaa iliyoueleza vizuri zaidi msukosuko ule wa mikopo ya nyumba Marekani.

Kazi yake, Red Lines Housing Crisis Learning Center (Red Lines ni “mistari myekundu”), ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Queens Museum of Art, jijini New York. Humo mna modeli ya jiji zima la New York, iliyoagizwa na Robert Moses, mpangaji mkuu wa ujenzi wa jiji hilo, kwa Maonyesho ya Dunia ya 1964: majengo yapata 895,000 kwa kipimo cha 1:1200. Juu yake Rich alisimamisha pembetatu za plastiki za pinki, moja kwa kila bloku (kundi la majengo lililozungukwa na barabara) iliyokuwa na nyumba tatu au zaidi zilizofilisiwa, yaani zilizofuatwa na mkopeshaji kwa deni la rehani.

Kwa nini bloku, si nyumba? Kwa kipimo hicho nyumba ya upana wa mita 6 ina milimita 5 tu. Alama yake haionekani ukiwa pembeni mwa modeli, tena ingeinyooshea kidole familia moja. Bloku ya mita 80 ina karibu sentimita 7. Na hiyo tatu ina maana. Nyumba moja huweza kuponzwa na ugonjwa au talaka. Tatu kwenye bloku moja zinakufanya umuulize mkopeshaji.

Ukijaribu kazi kama hii, utakwama kwenye kumbukumbu za kesi kabla ya kufika kwenye plastiki. New York ufilisi hupitia mahakamani, kwa hiyo nyumba ileile huonekana kesi inapofunguliwa, kisha tena inaponadiwa. Yenye mikopo miwili huweza kuonekana mara nne. Chagua hatua moja tu, kisha ondoa marudio kwa namba ya kiwanja, si kwa jina wala anwani. Jijini humo namba hiyo ina sehemu tatu: wilaya, bloku na kiwanja, hivyo kuhesabu kwa bloku ni rahisi.

Pembetatu zilisongamana kusini-mashariki mwa Queens na katikati ya Brooklyn, kwenye mitaa ya watu weusi kama Bedford-Stuyvesant, mtaa ambao ramani za serikali za miaka ya 1930 ziliupaka rangi nyekundu, ishara ya kunyimwa mikopo. Walionyimwa zamani ndio waliokuja kusukumiwa mikopo ya riba ghali. Ndiyo maana ya jina la kazi hii.

Pengo lake ni wapangaji. Nyumba moja ya Brooklyn huweza kuwa na kaya tatu, na ikinadiwa hesabu husema moja. Ningeongeza alama ya pili, ya rangi nyingine, kwa kila kaya iliyokuwa ikilipa kodi humo bila kuwa na deni lolote benki.