Nakshi za Renesansi: si kila fuvu ni kifo

Shika karatasi ya nakshi iliyochapwa Italia au Ujerumani miaka ya 1500, enzi ya Renesansi Ulaya ilipofufua sanaa ya Wagiriki na Warumi wa kale, na macho yatakosa pa kutua. Majani yanageuka mabawa, mwanamke anaishia mkia wa samaki, fuvu la ng'ombe limevishwa utepe. Hapo ndipo wengi husema: lazima kuna siri, labda ya wachawi.

Mara nyingi hakuna. Karatasi hizo zilikuwa vielelezo vya kazi. Sonara au seremala alinunua moja, akanakili alichokipenda kwenye kikombe au sanduku. Heinrich Aldegrever, mchongaji wa mabamba ya kuchapia picha wa mji wa Soest, Ujerumani, alichonga hata michoro ya ala za majambia. Na lile fuvu? Limetoka kwenye mahekalu ya Warumi, walikochinja ng'ombe wa sadaka. Shetani hayumo.

Jina nalo limepotosha watu. Waitaliano waliziita nakshi hizi grottesche, kutokana na neno lao la pango, na kwa kuwa siku hizi jina hilo katika lugha nyingi za Ulaya lina maana ya kitu cha kutisha, inadhaniwa wachongaji walitaka kutisha. Wapi! Karibu mwaka 1480 wasanii walianza kushuka kwenye jumba la Nero, mtawala wa Warumi wa kale, huko Roma, lililokuwa limefukiwa, wakayaona mapambo ya kuta na dari zake. Vyumba vile vilifanana na mapango, basi. Mchongaji Nicoletto da Modena aliacha jina lake humo pamoja na mwaka, 1507, kama wanafunzi wanavyokwaruza madawati.

Ila usiseme sasa kwamba picha zote ni pambo tupu. Pomboo aliyejizungusha kwenye nanga, nembo ya mchapishaji Aldus Manutius wa Venice, ametoka kwenye sarafu ya Kirumi na ana maana kamili: harakisha polepole. Si sawa na haraka haraka haina baraka, maana hapa haraka nayo inatakiwa. Pomboo ni mwendo, nanga ni breki.

Wala si kila kitu kilitoka Roma. Nakshi za majani yaliyosukwa, alizozichapisha Francesco Pellegrino jijini Paris mwaka 1530, zilifuata ufundi wa nchi za Kiislamu. Neno letu nakshi lenyewe ni la Kiarabu. Katika misuko ile hutaona uso wala mnyama. Ni shina moja linalopita juu, likapita chini, likarudi.