Data haipiti kwenye trei

Wiki hii nimeupata tena ujumbe uleule: "Fundi, diski mpya tunayo, ila trei inatoka Dubai, acha tusubiri." Diski iko mezani, haijatolewa hata kwenye mfuko wake. NAS, yaani kompyuta ndogo inayohifadhi mafaili ya ofisi kwenye mtandao, inapiga mlio. RAID 5 ya diski nne, mpangilio unaovumilia kifo cha diski moja tu, imebaki na tatu, yaani ikifa moja zaidi kila kitu kimekwenda, na ofisi nzima inangoja kipande cha plastiki cha kushikia diski.

Kwenye NAS za mezani, ziwe Synology, QNAP au ndugu zao, trei haina umeme. Diski ya SATA inachomeka yenyewe kwenye soketi iliyoko kwenye ubao wa nyuma: pini 7 za data, pini 15 za umeme, basi. Trei inaishika diski ikae kimo sahihi, iingie bila kupinda, isitetemeke, na hewa ya feni ipite pembeni. Kazi hizo sizidharau. Diski ya inchi 3.5 ina uzito wa gramu 600 hadi 700 hivi, na uzito huo haufai kubebwa na soketi. Lakini data haipiti kwenye trei.

Najua imani kwamba diski haifanyi kazi bila trei yake inatoka wapi. Mafundi wengi walianzia kwenye seva kubwa, na huko mambo ni tofauti. Trei za HP ProLiant kuanzia Gen8 zina saketi ndogo inayoendesha taa, ikiwemo ile ya kuonya kwamba diski hii usiitoe. Kwenye baadhi ya makabati ya diski ya NetApp, diski ya SATA inapitia kibao cha kati kilichofungwa kwenye trei. Bila kibao hicho haiongei na mtambo. Kwa hiyo kagua kwanza trei ya aina ya mtambo wako. Ukiona soketi ya diski iko wazi, trei yako ni kishikio tu. Ukiona kibao kimeifunika, nunua trei sahihi na ubishi uishe. Na tafadhali, usichomoe diski ambayo bado ni nzima kwenye RAID iliyojeruhiwa eti unakagua trei. Hiyo ndiyo njia ya haraka kabisa ya kumaliza kazi iliyoanzwa na diski iliyokufa.

Sasa, trei ilikwenda wapi? Diski ilifia ndani ya trei yake, kwa hiyo trei ilikuwepo. Nikiuliza, jibu ni hilohilo kila mara: diski ilipelekwa kwa muuzaji kudai dhamana, na trei ikaenda nayo. Muuzaji anarudisha diski. Trei hairudi, kwa sababu dhamana ni ya diski. Fungua skrubu kwanza, trei ibaki ofisini.

Kama imeshapotea, tafuta karibu kabla ya kutafuta mbali: nafasi iliyo tupu kwenye mtambo wenyewe, au NAS ya aina ileile iliyostaafishwa stoo. Ukienda kwa wauza spea, nenda na jina kamili la modeli na namba ya trei. Usiende na picha ya simu, kwani trei za vizazi tofauti vya kampuni moja hufanana kwa mbele na kukataa kuingia. Mwenye printa ya 3D anaweza kukuchapia moja, ila mwambie atumie PETG, plastiki inayovumilia joto zaidi. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizo, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na chumba cha mitambo kisicho na kiyoyozi hapa Dar si mahali pa kuijaribu.

Ikishindikana yote, mimi huzima mtambo vizuri, huingiza diski kwa mkono polepole mpaka ikae, naitegemeza pande mbili kwa vipande vya plastiki ngumu visivyogusa saketi wala kuziba hewa, kisha nawasha. Mwongozo wa kiwanda hautakuruhusu hivyo, na mimi mwenyewe sina raha na mtetemo. Nikilinganisha na siku kumi za kungoja trei bila kinga, nachagua mtetemo, ila baada ya kunakili mafaili muhimu kwenye diski ya nje. Kunakili nako kunazichosha diski zilizobaki. Hapo hakuna jibu safi.

Muda unaopotea kwenye trei ungetumika kuichunguza diski yenyewe, na hapo ndipo watu hawaangalii kabisa. Ujazo uwe sawa au zaidi, hilo wanalijua. Aina ndiyo inayowaponza. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za TB 2 hadi 6, zile zenye EFAX kwenye jina, zinatumia SMR, ambapo njia za data hupandiana kama vigae vya paa. Kuandika upya njia moja kunalazimu kuandika upya na za jirani. Kwa matumizi ya kawaida hutagundua. Kwenye kujenga upya RAID, yaani diski mpya inapojazwa data ya ile iliyokufa, kazi ya saa inaweza kuwa ya siku, na mifumo ya kuhifadhi data ya ZFS ikaitoa diski mpya ikiihesabu mbovu. Baadaye WD walizitenga zenye CMR, ambapo njia hazipandiani, kwa jina la Red Plus; Red Pro nazo ni CMR. Soma namba ya modeli kabla ya kulipa. Rangi ya lebo haitoshi.

Skrubu: diski ya inchi 3.5 hutumia kipimo cha 6-32, ya inchi 2.5 hutumia M3. Ikigoma usilazimishe. Diski nyingi za ujazo mkubwa zimehamisha matundu ya chini, kwa hiyo trei ya zamani inaweza kupata skrubu mbili tu.

Kabla ya kutoa chochote, soma namba ya mfululizo ya diski mbovu kwenye ukurasa wa mtambo, uilinganishe na lebo ya diski uliyoshika.

Utasikia pia kwamba RAID 5 kubwa haiwezi kujengeka upya, kwa sababu karatasi ya kiwanda inataja kosa moja la kusoma kwa kila biti 10¹⁴, sawa na TB 12.5 hivi. Hesabu ni sahihi, lakini nimeona nyingi zikijengeka bila shida, kwa hiyo siitumii hesabu hiyo kumtisha mteja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni umri. Diski zilizobaki zilinunuliwa siku moja na iliyokufa. Ripoti za SMART, ambamo diski hujipima afya yenyewe, husaidia, lakini kampuni ya kuhifadhi data ya Backblaze walipochunguza diski zao mwaka 2016, karibu robo ya zilizokufa hazikuwa na dalili hata moja kwenye vipimo vitano wanavyovifuatilia. Ukiagiza diski ya kubadilisha, agiza mbili.