Kiplatoni si mapenzi yaliyochelewa

Nimesoma tena uhakiki unaosifu "urafiki wa kiplatoni" wa wahusika wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mwishoni mwa riwaya wanaoana. Wanaoana! Basi tuelewane. Urafiki wa kiplatoni ni wa watu wanaopendana kwa dhati pasipo mahaba wala tamaa ya mwili. Maana ni hiyo, haina ugumu.

Ugumu uko kwenye jina, maana Plato mwenyewe, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hakuhubiri urafiki wa namna hiyo. Katika Karamu, kitabu chake cha mazungumzo, mwalimu wake Socrates anasimulia alivyofundishwa na mwanamke aitwaye Diotima: mtu huanza kwa kuvutiwa na uzuri wa mwili mmoja, kisha wa miili yote, kisha wa nafsi, wa sheria na wa elimu, hadi aufikie Uzuri wenyewe. Tamaa, kumbe, ndiyo ngazi ya kwanza. Tena mazungumzo yale yanahusu zaidi mapenzi ya wanaume kwa vijana wa kiume. Aliyeeneza jina hili ni Marsilio Ficino wa Florence, karne ya 15, mfasiri wa Plato kwa Kilatini, naye alikusudia upendo wa roho unaoelekea kwa Mungu. Miaka ya 1630 jina likawa fasheni Uingereza, katika kasri la Malkia Henrietta Maria, hata William Davenant akaitungia fasheni hiyo tamthilia iliyochapishwa 1636. Alikuwa akiwacheka walioifuata. Naona kicheko kile hakijatutoka.

Kinachoniudhi hasa ni kuchanganya kutotaka na kutopata. Mhusika anayemmezea mate mwenzake kwa sura ishirini, akiumia kimyakimya, hana urafiki wa kiplatoni. Ana subira. Halafu kuna lile "tu": "wao ni marafiki tu." Tu ya nini? Kiswahili kina rafiki, kina sahibu, kina mwandani, ambaye ni mtu wa ndani kabisa. Hakuna hata mmoja kati yao aliye mpenzi aliyefeli mtihani.

Na utamu wa hadithi za urafiki wa kiplatoni uko hapo hapo. Msomaji akishajua kwamba hawa hawaelekei kitandani, huacha kupiga ramli, akaanza kuwatazama. Ugomvi wao hauwezi kumalizwa kwa busu, kwa hiyo mwandishi hana budi kuutafutia maneno. Mwanamke akikesha kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye si mumewe, si ndugu yake wala si mpenzi wake, mwandishi atueleze sababu, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo ukurasa bora wa kitabu kizima. Mahaba yangemwokoa na kazi hiyo.

Mhakiki wangu angeandika tu kwamba hii ni hadithi ya mapenzi yaliyoanzia kwenye urafiki, nisingekuwa na neno. Ni hadithi nzuri, nami nimeisoma mara mbili.