Skrini kubwa huchaguliwa ukiwa umeketi kiti cha mwisho

Karibu kila mteja huanza na swali moja: "Fundi, ukuta wangu huu unabeba inchi ngapi?" Mimi kwanza nauliza watu watakaa wapi. Nikifika kupima chumba, iwe ofisi ya mtaa wa Posta jijini Dar es Salaam au sebule ya Tabata, nakwenda moja kwa moja kwenye kiti kilicho mbali zaidi, naketi, kisha napima kutoka machoni mwangu hadi ukutani. Umbali huo ndio unaochagua skrini. Bajeti hufuata, na mara nyingi huvutana na umbali, lakini tukishapima angalau tunajua tunachobishania.

Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kwa mshazari, kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili. Kwa macho, kinachohesabika zaidi ni kimo cha picha. Skrini ya inchi 65 ina kimo cha sentimita 81, ya 75 ina 93, ya 86 ina 107. Sisi tunaofunga skrini za ofisi tuna kanuni rahisi: mtu wa mwisho asikae mbali kuliko kimo hicho mara sita, ikiwa kazi ni slaidi za kawaida. Kama watu watasoma vitu vidogovidogo, michoro ya majengo kwa mfano, ni mara nne. Kama ni kutazama video tu, mara nane inavumilika. Kwa slaidi, basi, inchi 65 inaishia karibu mita 4.9, inchi 75 mita 5.6, na inchi 86 mita 6.4. Vyumba vingi vya mikutano vya watu kumi na wawili ninavyoingia vina meza ndefu inayomsukuma mtu wa mwisho hadi mita sita, na ukutani kumetundikwa inchi 55. Yule wa mwisho huishia kufungua laptopu yake na kuomba atumiwe faili.

Na faili lenyewe mara nyingi ni jedwali la Excel. Hapa naomba twende polepole, maana ndipo ofisi nyingi zinapotupa pesa. Tarakimu za Excel kwa mwandiko wa Calibri saizi 11 bila kukuza, uliokuwa mpangilio wake wa kawaida kwa miaka mingi, zina kimo cha pikseli tisa hivi, yaani vile vitone vinavyounda picha. Laptopu ikitoa picha ya Full HD yenye mistari 1,080, kwenye skrini ya inchi 65 kila pikseli ina robo tatu ya milimita. Tarakimu inakuwa milimita saba. Sasa kumbuka ule ubao wa herufi wa kupimia macho hospitalini: mstari wa 6/6, ambao mtu mwenye macho mazima anausoma akiwa mita sita, una herufi za karibu milimita tisa. Kwa hiyo unamwomba mhasibu wako, aliyekaa mita sita, asome kitu kidogo kuliko mstari wa kupimia macho, kwa saa nzima, na wengine katika chumba wameshavuka miaka hamsini. Ukipandisha hadi inchi 86, tarakimu inafika milimita tisa. Bado ni ukingoni. Lazima jedwali likuzwe hadi asilimia 150 au 200, skrini iwe kubwa kiasi gani.

Hapo ndipo 4K inapowachanganya watu. 4K ina pikseli mara nne ya Full HD, na wengi wanadhani maandishi yatasomeka vizuri zaidi kwa mbali. Ukiunganisha laptopu na kuiacha itumie pikseli zote bila kukuza, maandishi yanapungua nusu. Faida ya 4K ni herufi zenye kingo safi, na anayeiona ni aliye karibu. Wa kiti cha mwisho anahitaji ukubwa. Kama pesa inatosha kimoja, ongeza inchi.

Kuna jambo jingine dogo linaloharibu maandishi. Televisheni ya nyumbani imezoea kupokea filamu na mpira, hivyo huipunguzia picha taarifa za rangi, na maandishi mekundu juu ya rangi ya bluu yanakuwa kama yamelowa maji. Ingia kwenye mipangilio ya lile tundu la HDMI, la waya wa picha, unalotumia, ubadilishe jina au aina yake iwe PC. Kwenye televisheni nyingi maandishi yanakaa sawa papo hapo.

Baada ya umbali ni mwanga. Bado kuna ofisi zinazoniomba projekta kwa sababu inatoa picha kubwa kwa bei ndogo, na kwa ukumbi unaoweza kutiwa giza mimi mwenyewe naipendekeza. Kwa chumba chenye dirisha kubwa, hapana. Projekta haiwezi kurusha weusi. Sehemu nyeusi ya picha ni kitambaa ambacho haijakimulika tu. Chukua projekta ya lumeni 3,000, yaani jumla ya mwanga inaourusha, na kitambaa cha inchi 100. Eneo la kitambaa ni mita za mraba 2.75 hivi, kwa hiyo sehemu nyeupe inapata karibu luksi 1,090, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba. Taa za dari na dirisha zikimwaga luksi 300 juu ya kitambaa hichohicho, nyeupe inakuwa 1,390 na "nyeusi" inakuwa 300. Uwiano haufiki hata tano kwa moja. Ndiyo maana grafu zote zinaonekana kama zimemwagiwa maziwa. Skrini ya LCD, yaani ile ya kioo chenye taa nyuma yake, haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, kwa sababu kioo chake kinarudisha sehemu ndogo sana ya mwanga wa chumba. Na ukiamua kununua projekta, tafuta kwenye karatasi ya vipimo lumeni zilizopimwa kwa viwango vya ANSI au ISO. Namba kubwakubwa za kwenye boksi za projekta za bei rahisi usizitegemee.

Hata LCD inashindwa na dirisha lililo mbele yake. Huku kwetu karibu na ikweta, dirisha la mashariki linapigwa na jua la asubuhi na la magharibi linapigwa jioni, mwaka mzima. Usitundike skrini ikitazamana na dirisha, itakuonyesha mtaa mzima. Usiitundike dirishani pia, macho yatachoka. Ukuta wa pembeni, unaokutana na ukuta wa dirisha kwenye kona, ndio mahali pake. Televisheni ya kawaida hutoa niti 250 hadi 400 (niti ni kipimo cha mng'ao wa skrini), na skrini za biashara zilizotengenezwa kwa ofisi na mapokezi hufika 500 au 700. Chumba cha vioo pande mbili, aina tunayoiona sana kwenye majengo mapya, kinahitaji hizo za pili, au pazia zito.

Je, ofisi inunue skrini ya biashara au televisheni? Skrini ya mapokezi inayowaka kutwa kucha, nunua ya biashara, bila mjadala: televisheni haikuundwa kwa saa hizo, na waranti zake nyingi hazihusu matumizi ya biashara. Soma karatasi ya waranti kabla ya kulipa. Kwa chumba cha mikutano kinachotumika saa tatu nne kwa siku, televisheni nzuri inafanya kazi, na tofauti ya bei ningeiweka kwenye maikrofoni na spika. Watu wa upande wa pili wa simu ya video wanavumilia picha mbaya. Sauti mbaya inawafanya wakate simu. Skrini za kugusa nazo zinapendeza, lakini uliza nani hasa atasimama kuandika. Kwa darasa au kituo cha mafunzo, nunua. Kwa bodi ya wakurugenzi wanaoangalia taarifa za fedha, miezi inapita bila mtu kuigusa.

Waya nao. Kutoka katikati ya meza, chini ya sakafu, kupanda ukutani, unafika mita kumi kirahisi. Waya wa HDMI wa shaba kwa picha ya 4K ya 60Hz, yaani picha 60 kwa sekunde, huanza kusumbua ukipita mita tano hivi: picha inazima na kuwaka, na lawama anapata aliyeleta laptopu. Tumia waya wa HDMI wa faiba, na uangalie upande gani umeandikwa kifaa na upande gani umeandikwa skrini, kwa sababu ukigeuza haufanyi kazi. Au tumia vifaa vinavyopitisha picha kwenye waya wa mtandao. Bomba la kupitishia liwe pana kiasi cha kichwa cha HDMI kupita, na liachiwe kamba ndani kwa ajili ya waya wa kesho.

Nyumbani hesabu inabadilika, kwa sababu unataka picha ikujae machoni. Kizidishe kipimo cha mshazari kwa 1.6 na unapata umbali mzuri wa kochi. Inchi 65 ni sentimita 165, kwa hiyo mita 2.6. Inchi 75 ni mita tatu. Sebule nyingi zina mita tatu, na ndiyo maana siogopi kumwambia mtu achukue 75. Lakini kwanza namuuliza anaangalia nini. Chaneli nyingi za king'amuzi cha kawaida bado ni za mistari 576, na kwenye inchi 75 wachezaji wa upande wa pili wa uwanja wanakuwa madoa. Kwa filamu za mtandaoni za 4K utahitaji intaneti ya megabiti 15 kwa sekunde au zaidi, na saa moja inaweza kula hadi GB 7. Kama nyumba inaishi kwa bando la simu na king'amuzi, 65 nzuri itakupa raha kuliko 75 ya bei sawa.

Dukani, Kariakoo au kwingine, skrini zote zimewekwa kwenye hali ya maonyesho, rangi zimechochewa kupita kiasi. Mwombe muuzaji aiweke kwenye hali ya kawaida au ya sinema, kisha chomeka flashi yako yenye vitu viwili. Cha kwanza ni mechi, kamera ikifuata mpira. Kijani cha uwanja kikionyesha michirizi au mabaka yanayobaki palepale huku picha ikitembea, taa za nyuma ya kioo hazijatawanyika sawa, na utaiona kasoro hiyo kila mechi. Cha pili ni video ya watu weusi kwenye mwanga hafifu, harusi ya usiku kwa mfano. Skrini dhaifu inafuta mashavu na paji la uso, inabaki macho na meno tu. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na ni aibu kwamba maonyesho ya dukani hayakionyeshi kamwe. Ni maua na vyura tu. Kisha sogea pembeni kabisa, pale shangazi atakapokaa kwenye kochi la ukutani, uone rangi zinavyopauka. OLED, skrini ambayo kila pikseli hujiwakia yenyewe bila taa ya nyuma, inashinda kwenye vipimo hivi vyote. Kwa nyumba ambayo chaneli moja ya habari inawaka tangu asubuhi hadi usiku, mimi bado nachukua LCD, maana nembo ya chaneli inaweza kujichora kwenye OLED isifutike.

Kuhusu umeme, televisheni nyingi za sasa zinakubali volti 100 hadi 240. Tazama kibandiko cha nyuma. Umeme kushuka hausumbui sana. Kinachoua ni mpigo wa umeme unaporudi. Weka gadi yenye kuchelewesha, isubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme. Radi za masika hupita hata kwenye waya wa antena na wa dishi, kwa hiyo zikianza chomoa vyote, usiishie kwenye plagi. Matumizi si ya kutisha: ya inchi 75 inayotumia wati 200 inakula uniti moja kwa saa tano.

Ukuta wa jipsam usiuamini kwa skrubu peke yake. Televisheni ya inchi 75 ina kilo 30 na zaidi, na skrini ya kugusa ya inchi 86 hupita 60. Lazima nyuma ya jipsam kuwe na mbao au chuma cha kushikilia.

Halafu usafiri. Skrini hizi husafirishwa zikiwa zimesimama. Ukiilaza kwenye kirikuu na kupita mashimo ya barabara ya mtaani, kioo kinajikunja katikati na kupasuka bila hata boksi kuonyesha alama. Kwa inchi 98, yenye upana wa mita 2.17 kabla hujahesabu boksi, pima lifti na kona za ngazi kabla ya kulipa. Ikishushwa, iwashwe mbele ya dereva na mtu wa duka kabla hujasaini chochote. Kioo kikipasuka, kipya hukaribia bei ya skrini nzima, na fundi hana la kufanya.