Ujasiriamali wa muziki: maana yake chuoni

Neno ujasiriamali limebeba maneno mawili ndani yake, ujasiri na mali. Likifika kwenye chuo cha muziki, wengi husikia mali tu. Mwalimu wa piano hudhani anatakiwa afundishe uuzaji. Mwanafunzi naye hudhani ni somo la kuchapisha kadi na kuongeza wafuasi mitandaoni. Basi somo linasukumwa hadi muhula wa mwisho, linaazimiwa mwalimu kutoka kitivo cha biashara, na wanafunzi wanalihudhuria kwa ajili ya alama.

Maana ninayoikubali mimi ni nyingine. Ujasiriamali wa muziki ni uwezo wa mwanamuziki kulitoa wazo lake kichwani na kulifikisha kwa wasikilizaji, huku akijua kwamba huenda wasikilizaji hao wasije. Fedha imo, lakini inafuata nyuma. Kilicho mbele ni kuthubutu, yaani nusu ile ya kwanza ya neno.

Ukilielewa hivyo, jambo lenyewe si geni hata kidogo. Mwaka 1784, mjini Vienna, Mozart alipanga ukumbi, akauza nafasi za maonyesho matatu kwa watu waliojiandikisha mapema, kisha akamtumia babake orodha ya majina yao: 174. Kwa msimu huohuo alitunga kazi mpya za piano na okestra, kwa sababu watu waliokwisha kulipa walitaka kusikia kitu kipya. Hapo nani atasema utunzi uliishia wapi na biashara ilianzia wapi? (Simtoi Mozart kama mfano wa kutunza fedha, miaka minne baadaye alikuwa akiandika barua za kuomba mikopo.) Kabla yake, mwaka 1733, mtunzi Mjerumani Telemann alichapisha mkusanyiko wa muziki kwa njia hiyohiyo ya kujiandikisha, na mmoja wa wanunuzi alikuwa mtunzi mwenzake Handel, aliyekuwa akiishi London. Utunzi, soko na uhusiano wa kuvuka mipaka vilikuwa kazi moja ya mtu mmoja.

Vyuo ndivyo vilivyovitenganisha, ingawa si tangu mwanzo. Konsevatori (vyuo maalumu vya muziki) za kwanza za Napoli, Italia, zilikuwa nyumba za kulelea yatima, na jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano la kuhifadhi. Huko mtoto alipewa mstari mmoja tu wa besi, akaambiwa aujaze sauti nyingine papo hapo kwa vidole vyake. Kupiga na kubuni vilifundishwa kwa pumzi moja. Konsevatori ya Paris ilipoanzishwa mwaka 1795, na nchi nyingine zilipoanza kuiga mfano wake katika karne ya 19, mkazo ulihamia kwenye kuzimudu kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine. Faida yake ni kubwa, wala siidharau: kiwango cha upigaji kilipanda mno. Hata hivyo, mwanafunzi anaweza kumaliza miaka minne bila kuamua hata siku moja nini kipigwe, wapi, na mbele ya nani. Yote hayo ameamuliwa.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ubunifu chuoni uanze kwenye kuamua kabla ya kufika kwenye kutunga. Kupanga mfuatano wa nyimbo ili wa tatu usikike tofauti kwa sababu ya ule wa pili ni ubunifu. Vivyo hivyo kuipangia upya kazi ya ala nne za nyuzi iweze kupigwa na klarineti na akodioni, au kukubali kwamba wasikilizaji wako hawatakaa kimya, ukachagua muziki unaostahimili kelele.

Chukua wanafunzi wanne wanaopewa muhula mmoja waandae onyesho lao wenyewe. Wiki ya kwanza wanabishana kuhusu nyimbo. Wiki ya tatu wanagundua kwamba ukumbi, fundi sauti na kibali cha kutumia kazi ya mtunzi aliye hai vyote vinataka fedha, na kwamba tiketi hazitoshi kuvilipia. Kisha linakuja swali ambalo halikuwahi kuulizwa darasani: wimbo walioutengeneza pamoja ni wa nani? Aliyeleta maneno anajiona mtunzi. Aliyeleta mdundo naye pia. Hapo ndipo wanajifunza kwamba rekodi moja ina haki mbili, haki ya utunzi na haki ya rekodi yenyewe, na kwamba mirabaha ya kila upande inaweza kwenda kwa mtu tofauti. Karatasi moja ya mgawanyo, iliyosainiwa kabla ya kurekodi, huokoa urafiki mwingi. Somo hili halihitaji kitabu kinene; linahitaji wimbo wao wenyewe mezani.

Ushirikiano wa kimataifa mara nyingi huchukuliwa kuwa safari. Safari zipo, na ni nzuri. Mpango wa Erasmus umekuwa ukiwapeleka wanafunzi wa Ulaya katika vyuo vya nchi nyingine tangu mwaka 1987. Lakini mwanafunzi anaweza kwenda mbali, akapiga kazi zilezile kwa mwalimu mwenye lafudhi tofauti, akarudi. Mwaka 1960 Mantle Hood, aliyefundisha gamelani, yaani okestra ya gongo na ala nyingine za kugonga ya Indonesia, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitoa hoja kwamba anayetaka kuuelewa muziki wa watu wengine aupige hadi aumudu, kama mtu anayejifunza lugha ya pili. Hapo ndipo ugumu unapoonekana. Sauti za gamelani hazilingani na za piano, kwa hiyo mtu aliyelelewa na piano atasikia kosa mahali pasipo na kosa. Sikio lake linapaswa kunyenyekea kwanza.

Kuna mtego hapa. Mara nyingi upande mmoja huleta noti zilizoandikwa, upande mwingine huleta muziki ulio kichwani, na kazi ikikamilika jina la aliyeandika ndilo linalobaki kama mtunzi, huku mwenzake akitajwa kama mpigaji. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, wa mwaka 1886, unawalinda watunzi nje ya nchi zao, ila hauwezi kuamua nani aitwe mtunzi pale wanafunzi walipokaa kimya. Ile karatasi ya mgawanyo inahitajika zaidi hapa kuliko popote.

Wasioweza kusafiri wana intaneti, ambayo nayo ina mipaka yake. Wanamuziki wanaopiga pamoja huanza kupotezana sauti inapochelewa kiasi cha milisekunde 25 hadi 30. Katika hewa ya kawaida huo ni umbali wa mita 9 au 10, upana wa jukwaa tu. Ndani ya mkongo wa intaneti, mawimbi ya nuru husafiri kilomita 1,000 kwa takriban milisekunde 5, kwa hiyo kilomita 5,000 zinamaliza muda wote huo unaovumilika kabla kompyuta na vifaa vya njiani havijachukua fungu lao. Programu kama JackTrip, iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, na LoLa, iliyobuniwa na konsevatori ya Trieste nchini Italia pamoja na mtandao wa utafiti wa nchi hiyo, hupunguza ucheleweshaji wa mitambo. Umbali hauziogopi. Wanafunzi walio mabara mawili tofauti hulazimika kutunga muziki usiotegemea mapigo ya pamoja: sauti ndefu zinazopishana, wito na kiitikio chenye nafasi katikati. Kikwazo kinageuka sehemu ya utunzi, na hapo ujasiriamali, ubunifu na ushirikiano wa kimataifa vinakutana.

Linabaki suala la alama. Ukitoa alama kwa idadi ya tiketi, unampendelea mwenye marafiki wengi. Ukitoa kwa upigaji pekee, umerudi kwenye mtihani wa zamani. Mimi ningesoma kwanza maelezo yao: walitarajia nani aje, nani alikuja, fedha ilikwenda wapi, nini walibadilisha dakika za mwisho na kwa nini. Kundi lililopiga mbele ya viti vitupu likaeleza sababu kwa uwazi ningelipa alama kubwa kuliko lililojaza ukumbi bila kujua limeujazaje.